Lenzi Ipo, Negativu Iko Wapi?

Kamera za filamu zimerudi mikononi mwa vijana wa Nairobi, na mazungumzo ya lenzi yamerudi nazo. Anayetafuta Pentax K1000 ataambiwa aichungulie kwanza lenzi yake ya milimita 50 dhidi ya mwanga kabla ya kutoa pesa. Mwenye Zenit ya Kirusi atasifu jinsi Helios yake inavyoyazungusha majani nyuma ya uso wa mtu kama kisulisuli, na wa Yashica atawasikiliza wote wawili huku akitabasamu. Ni ubishi mtamu na haumdhuru mtu. Ila umeanza kujifanya historia. Ukiwasikiliza sana wapenzi wa kamera utadhani picha za jiji hili zilizaliwa na vioo: kwamba hapo kale palikuwa na vyombo bora, vya kidijitali vikaja kuvizika, na sasa kundi dogo la waungwana linavifukua. Mimi naona wanatazama upande usiofaa wa kamera. Wakati lenzi iko mbele, filamu iko nyuma, na jambo lililoamua nani apigwe picha Nairobi, kwa bei gani, na nini kibaki baada ya miaka 50, lilikuwa la nyuma: negativu inasafishwa na nani, na ikishasafishwa inalala kwa nani?

Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na kamera ilikuja nayo. William Young, aliyepiga picha za ujenzi wa reli hiyo, baadaye alikuwa na studio Nairobi. Pwani kazi ilikuwa imeshatangulia. Wagoa kama A.C. Gomes wa Unguja, na akina Coutinho waliofanya kazi Unguja na Mombasa, walikuwa wameigeuza picha kuwa biashara yenye mlango, kibao na daftari la wateja. Utaratibu huo ndio uliopanda bara, na ulikuwa na thamani kuliko kamera yenyewe. Mteja huja, hukaa kitini, hupigwa, hulipa, kisha hurudi siku nyingine kuchukua karatasi. Kile kioo cha negativu, na baadaye kipande cha filamu, hubaki kwenye sanduku la studio kikiwa na namba. Kwa wasiowahi kuishika: negativu ni picha iliyo kinyume, mweupe anakuwa mweusi na mweusi anakuwa mweupe, na humo ndimo nakala zote hutoka. Kwa mwenye studio negativu ilikuwa shamba. Amelima mara moja, na atavuna kila mteja anapotaka nakala ya kumpelekea mjomba.

Serikali nayo ilijua thamani ya kushika negativu. Kipande cha ukoloni, hati ya utambulisho iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimtambua Mwafrika kwa alama za vidole, na karatasi yake ikaning'inizwa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1947 ya kuwaandikisha watu wa rangi zote kwa vidole, walowezi walilalamika kwamba wanafanywa wahalifu. Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na ushauri wake ukawa kwamba mwenye elimu aruhusiwe kutoa sahihi na picha badala ya vidole. Picha ikawa cheo. Miaka michache baadaye, mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, chombo hichohicho kiligeuzwa: wafanyakazi Wakikuyu wa mashamba ya Bonde la Ufa walitakiwa wapigwe picha za kuambatanishwa na vipande vyao, na wengi wakakataa, wakaona heri kuacha kazi na kuondoka. Wanaosema Mwafrika wa zamani aliogopa kamera kwa ushirikina wangeusoma upya mwaka huo. Picha ambayo nakala yake inakaa ofisini kwa bwana DC si yako hata kama uso ni wako, na watu wale walilielewa hilo vizuri kabisa.

Kisha kuna mpenzi wa kamera mwenyewe, asiyeuza picha wala kuwindwa na dola. Kodak ilianza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa dola moja ya Marekani, na tangu hapo kamera ikawa kitu cha nyumbani kwa mwenye nyumba ya kukiweka. Nairobi iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Kilimani na Lavington, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni. Burudani ya kupiga picha ilifuata ramani hiyohiyo. Hata hivyo, huyu aliyepiga picha za maua na watoto bustanini Jumapili hakuwa huru kama anavyokumbukwa. Jumatatu alishuka mjini, Government Road au Delamere Avenue, ambazo leo ni Moi Avenue na Kenyatta Avenue, akakabidhi filamu yake dukani. Burudani ya magharibi ya mji iliegemea kazi ya katikati ya mji. Hata mabingwa walipitia mlango huo. Mohinder Dhillon, aliyekuja Kenya kutoka Punjab mwaka 1947 na kuwa mpiga filamu wa habari anayejulikana duniani, alijifunzia kazi Halle Studio hapa Nairobi kabla ya kuwa na kampuni ya Africapix. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alianza utotoni na Brownie iliyokwisha kutumika. Lenzi ya Brownie ni kipande cha kioo ambacho mkusanyaji wa leo asingekiokota barabarani.

Hapo mpenzi wa lenzi ana jibu, na si la kupuuzwa. Atasema chombo hakiwezi kuondolewa katika hadithi, maana Nairobi yenyewe inakijaribu. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo mionzi ya urujuanimno huipa filamu ya rangi ubuluu usioonekana kwa macho; ndiyo maana wengi walifunga kichujio mbele ya lenzi na hawakukitoa tena. Jua la adhuhuri, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, linasimama utosini na kuwachimbia watu mashimo meusi machoni. Upande mwingine, hali ya hewa imekuwa rafiki. Lenzi iliyoishi Mombasa au Lamu hushikwa na kuvu, utando kama wa buibui unaojichora ndani ya kioo palipo na joto na unyevu. Ile ile ikitunzwa Kileleshwa kwenye kabati lenye hewa inaweza kufika leo ikiwa safi. Kwa sababu hiyo ni kweli kwamba kamera za zamani za Nairobi zina afya. Hata fundi atakubali: Zenit E inapima mwanga kwa seleni bila betri, ilhali nyingi za rika lake zilitegemea betri za zebaki ambazo zimekwisha kupigwa marufuku, na mwenyewe sasa anahangaika kutia betri za vifaa vya masikio mahali pake.

Nakubali yote hayo, na bado hayajibu swali. Chukua uso wa Mkenya mweusi aliyevaa shati jeupe, amesimama nje, mbingu nyuma yake. Kipima mwanga cha kamera kimefundishwa kwamba dunia, kwa wastani, inarudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kitaona shati na mbingu, kitapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Lenzi iwe ya Ujerumani, iwe ya Japani, uso umezama. Anayeweza kuuokoa, kama filamu imebakiza kitu cha kuokoa, ni aliyeko chumba cha giza: anaichagua karatasi, anaukinga mwanga kwa kiganja pale panapotaka kuwa peusi mno, anauachia pale pengine. Jina la mfanya kazi hiyo halikuandikwa kwenye picha yoyote. Na filamu za rangi zenyewe zilisawazishwa viwandani kwa kutumia kadi za wanawake weupe, kasoro ambayo hakuna lenzi iliyowahi kuirekebisha.

Mapinduzi makubwa, kwa hiyo, hayakuwa ya kamera. Mwaka 1972 Kodak ilileta C-41, utaratibu wa kusafisha negativu za rangi ambao mpaka leo ndio unaotumika. Dawa yake ya kwanza hutaka joto la nyuzi 37.8, na kupotoka kidogo tu kunaharibu rangi. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa mpole zaidi. Husafishwa kwenye nyuzi 20, na Nairobi, tofauti na Mombasa, maji ya mfereji hayako mbali na hapo. Mwenye studio aliyekuwa na beseni, taa nyekundu na saa ya mkononi alikuwa kiwanda kamili. Rangi ilipoingia, kiwanda chake kikafa huku kamera yake ikiwa nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Noritsu ya Japani ilianza kuuza mitambo midogo ya kusafisha na kuchapa picha dukani, na katika miaka ya 1980 maabara za namna hiyo zikaenea katika miji ya Kenya. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, na desturi ya kuacha filamu, kufanya manunuzi na kurudi kuchukua bahasha ikapata jengo la kufanana nayo. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyetafiti upigaji picha Kenya kwa miaka mingi, ameeleza namna maabara hizo za rangi zilivyoziyumbisha studio na kuwafungulia njia wapiga picha wa mitaani. Naona ni maelezo yanayopita yote tuliyonayo, kwa sababu yanaonyesha fedha zilihamia wapi.

Zilihamia pande mbili. Mtambo ulihitaji mtaji, basi faida ya kusafisha ikaenda kwa mwenye mtaji. Lakini kijana asiye na chochote, ambaye zamani angehitaji chumba, pazia la nyuma, maji na dawa, sasa alihitaji kamera moja ya mkononi na miguu miwili. Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, na uwanja wa KICC, jengo lililokamilika mwaka 1973, zikawa studio zisizo na kodi. Mgeni kutoka mashambani alitaka apigwe na ghorofa zile nyuma yake ili nyumbani waamini kwamba alifika. Aliyekuwa na haraka aliacha anwani, picha ikamfuata kwa posta. Filamu ya picha 36 ilikuwa na hesabu yake: haisafishwi mpaka iishe, na siku ya biashara mbovu mteja wa kwanza hungoja mpaka wa 36 apatikane. Wanaoenzi kamera za enzi hiyo wangetenda haki kuzitazama kwa macho ya vijana hao. Kwao lenzi nzuri ilikuwa ile isiyoharibika. Shimo la lenzi liliwekwa kwenye f/11 au f/16, kama michoro ya jua na mawingu kwenye boksi la filamu ilivyoelekeza, na kwenye f/16 lenzi ghali na rahisi hufanana kama ndugu.

Negativu zao zilikwenda wapi? Hapa ndipo mabadiliko yalipouma. Studio ilikuwa na rafu na sababu ya kuitunza rafu hiyo, kwa kuwa nakala ilikuwa mapato. Maabara haikuwa na sababu hiyo. Ilirudisha negativu ndani ya bahasha kwa yeyote aliyeleta filamu. Aliyeleta filamu hiyo alikuwa mpiga picha wa mtaani, mwenye chumba kimoja cha kupanga na wateja ambao hatawaona tena. Vipande vya filamu yenye sura za watu 36 wasiojuana havikuwa na mnunuzi wala mrithi. Studio zenyewe zilikuwa zimekwisha kupoteza walinzi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na maelfu ya Waasia, wenye studio miongoni mwao, wakaondoka nchini mwaka huo na uliofuata. Duka la picha likifungwa kwa haraka, kamera huuzwa, lenzi huuzwa, hata kabati la vioo huuzwa. Masanduku ya negativu hayana bei. Kwa sababu hiyo lenzi za miaka ya 1960 bado zinapatikana kwa anayezitafuta, ilhali picha zilizopitia kwenye lenzi hizo ni adimu kuliko lenzi zenyewe.

Wapo watakaosema ninakwepa muuaji anayejulikana, yaani kamera ya kidijitali na simu. Ushahidi wa dunia uko upande wao: Kodak iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Sikatai kwamba dijitali iliizika filamu kama bidhaa ya wengi. Ninachokataa ni tarehe ya kifo cha kazi ya studio. Mwenye studio alinyang'anywa chumba chake cha giza na filamu ileile tunayoililia, miongo miwili kabla ya simu ya kamera kufika mfukoni mwa mtu wa kawaida. Dijitali ilipofika uwanja wa KICC haikuwafuta wapiga picha. Wengi walibadilisha chombo na kuendelea kuita wateja, safari hii wakiwa na picha inayochapwa wakati mteja bado amesimama. Walichokipoteza, faili zilipofutwa ili kadi ipate nafasi ya kesho, walikuwa wameshazoea kukipoteza.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: kilichobaki kimebaki kwa sababu ni bora, na picha za Uhuru Park hazikuwa hasara kwa yeyote. Tuupime usemi huo kwa watu wawili. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akaanza kulipigia picha gazeti la Colonial Times la ami yake G.L. Vidyarthi, akasoma Los Angeles, akafanya kazi na majarida ya Time na Life, akauawa kwa risasi Biafra tarehe 2 Oktoba 1968. Mpiga picha wa kiwango chake alipaswa kuwa salama. Badala yake kazi zake zilikaa kwa miongo kadhaa ndani ya gereji Nairobi, mpaka jamaa yake Shravan Vidyarthi, mtengenezaji wa filamu, alipozitafuta. Kitabu cha picha za Ramrakha kilitoka mwaka 2018. Ubora haukuziokoa. Ziliokolewa na familia iliyokuwa na gereji na haikuisafisha. Mohamed Amin naye alimpiga picha waziri Tom Mboya akifa, tarehe 5 Julai 1969, baada ya risasi za Government Road. Picha zake nyingi tunazo kwa kuwa Camerapix, aliyoianzisha mwaka 1963, ilikuwa kampuni yake mwenyewe, iliyokuja kuwa na ofisi Westlands, yenye makabati na watu wa kuyafunga baada ya yeye kufa katika ajali ya ndege ya Ethiopian Airlines karibu na Komoro mwezi Novemba 1996. Ni wachache wanaouliza siku ile ya Mboya alifunga lenzi gani. Kama angekuwa mwajiriwa asiye na haki ya negativu zake, swali lisingekuwepo kabisa.

Linabaki moja la adabu. Je, ni haki studio au mtoto wa mpiga picha kukaa na sura za watu ambao hawakuombwa ruhusa? Tumetoka kuwasifu wafanyakazi wa Bonde la Ufa kwa kukataa jambo hilohilo, na tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data. Nadhani tofauti iko kati ya kutunza na kutangaza. Mteja wa studio aliiacha negativu akijua iko pale na akijua njia ya kuirudia. Namba yake ilikuwa kwenye bahasha. Kuichapa ukutani miaka 50 baadaye ni jambo la kuulizwa upya, na wahusika au watoto wao waulizwe. Kuitupa hakumlindi yeyote, kunamnyima tu mjukuu.

Kwa wapenzi wa filamu wa leo haya si mambo ya jumba la makumbusho. Wana nafasi ambayo vijana wa Uhuru Park hawakuwa nayo: wanaweza kusafisha wenyewe. Nyeusi na nyeupe imerudi jikoni. Mwaka 1995 darasa moja la Rochester Institute of Technology kule Marekani lilionyesha kwamba kahawa ya kuyeyusha ikichanganywa na sodiamu kaboneti inaweza kusafisha filamu, na wengine baadaye wakaongeza vitamini C. Dawa ya kukaza picha bado lazima inunuliwe. Lakini kahawa, na soda ya Ziwa Magadi inayochimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20! Kama kuna mji uliopaswa kuligundua hili kwanza, ni wetu. Hata hivyo, kwingi duniani wapenzi wapya huomba faili zitumwe kwenye simu, wala hawarudi maabara kuchukua negativu. Wanalipia lenzi ya mwaka 1970 na kuacha kwa wengine kitu pekee ambacho lenzi hiyo imekitengeneza.

Kwa wewe uliye na boksi la viatu juu ya kabati, au bahasha ya maabara ya miaka ya 1980 kwa mama yako Kangemi au Kawangware, lishushe wiki hii. Fungua na unuse. Ukisikia siki, filamu imeanza kuoza na harufu hiyo huambukiza nyingine. Itenge, iskaniwe kwanza. Isiponuka, itoe kwenye plastiki, iweke kwenye karatasi mahali pakavu pasipo joto, na uandike kwa penseli juu ya bahasha mwaka na majina ya waliomo, ukianza na yule ambaye wewe peke yako ndiye bado unamkumbuka.